Uvamizi wa Wauza Nyama: Mhadhara kuhusu Filamu ya Bad Taste



Jioni hii nazungumzia filamu ambayo wengi wenu hamjaiona, na ambayo baadhi yenu mkiianza mtaizima kabla haijafika nusu. Ina damu nyingi, ina matapishi, ina mtu anayeokota ubongo wake mwenyewe na kuurudisha fuvuni kwa kiganja. Inaitwa Bad Taste. Ilitengenezwa New Zealand kati ya mwaka 1983 na 1987 na kijana Peter Jackson, aliyekuwa mwajiriwa wa idara ya picha katika gazeti la The Evening Post la Wellington. Waigizaji wake walikuwa marafiki na wafanyakazi wenzake, na siku yao ya kupiga picha ilikuwa hasa Jumapili, kwa kuwa siku nyingine walikuwa kazini.

Nimeichagua kwa sababu naamini kwamba filamu hii ya kuchekesha, iliyotengenezwa kwa mishahara ya vijana, imeuelewa uvamizi kuliko filamu nyingi zenye majeshi na marais ndani yake. Wavamizi wake hawaji kuitawala dunia. Wanakuja kununua kwa bei ya bure. Ni wafanyabiashara wa chakula, na bidhaa wanayoitafuta ni sisi. Nitajaribu kuonyesha kwamba wazo hili halikudondoka kutoka hewani. Limetoka katika ardhi ambako filamu ilipigwa, na katika namna ilivyopigwa.

Tuanze na nasaba yake. Hadithi ya viumbe wa sayari nyingine wanaoishambulia dunia ilipata umbo tunalolijua kwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyechapisha The War of the Worlds ikiwa kitabu mwaka 1898. Uingereza ilikuwa kwenye kilele cha dola yake. Wells aliwatazama Waingereza wenzake akawageuzia kioo: itakuwaje akija mwenye silaha kali kuliko zetu, asiyetuona sisi kuwa watu? Katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha wasomaji wake yaliyowapata wenyeji wa Tasmania mikononi mwa wahamiaji wa Kizungu. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake, aina hii ya hadithi ilikuwa hadithi ya ukoloni iliyogeuzwa nje ndani. Msomaji wa Kiafrika anayeifungua leo hahitaji kufafanuliwa.

Lakini hadithi ilipovuka bahari kwenda Marekani ilibadilika. Miaka ya 1950, wakati wa vita baridi, mvamizi wa angani akawa adui wa taifa. Anataka miji yetu au, kama katika Invasion of the Body Snatchers ya 1956, anataka hata nafsi zetu. Dhidi yake wanasimama mwanasayansi, jenerali na mwanamke anayepiga kelele. Mpango huo ulidumu hadi Independence Day ya 1996, ambamo rais mwenyewe anapanda ndege ya kivita. Katika filamu za namna hiyo ukubwa ndio ujumbe. Miji mizima inaungua, bendera zinapepea, na fedha zilizotumika zinaonekana katika kila fremu. Swali la Wells, kwamba huenda sisi ndio tuliowatendea wengine hivyo, limefunikwa na moshi.

Vichekesho ndivyo vilivyolifukua. Mwaka 1988, ndugu watatu wa ukoo wa Chiodo, Wamarekani, walitoa Killer Klowns from Outer Space, ambamo wavamizi wana sura za wachekeshaji wa sarakasi na huwahifadhi watu katika vifuko vya sukari laini ili wawanywe damu baadaye. Hapo tayari binadamu amekuwa akiba ya jikoni. Lakini mwaka mmoja kabla yake, upande wa pili wa Pasifiki, Jackson alikuwa amekwenda mbali zaidi, kwa sababu yeye hakuishia kwenye jiko. Yeye alionyesha kampuni.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika kijiji cha pwani kiitwacho Kaihoro watu wote wametoweka. Idara ya siri ya serikali inatuma vijana wanne, Derek, Barry, Frank na Ozzy, wakachunguze. Wanakuta kijiji kimejaa wanaume waliovaa mashati ya bluu, wanaotembea kama walevi na kushambulia kila anayepita. Hao ni viumbe wa sayari nyingine waliovaa umbo la binadamu, na makao yao ni nyumba moja kubwa ya mbao juu ya kilima. Bosi wao anaitwa Lord Crumb. Ana mnyororo wa migahawa ya vyakula vya haraka angani, ushindani umemkaba, na amekuja duniani kutafuta ladha mpya itakayomrudisha juu ya soko. Wanakijiji wa Kaihoro wameshachinjwa, wakakatwakatwa na kufungwa katika maboksi ya karatasi ngumu, tayari kusafirishwa kama sampuli. Wakati huohuo anapita Giles, kijana anayezunguka kukusanya michango ya hisani, naye anakamatwa na kulowekwa katika pipa la viungo ili awe karamu ya kuaga.

Sikilizeni jinsi Lord Crumb anavyozungumza na watu wake. Hahutubii kama jemadari. Anahutubia kama meneja anayewapongeza wafanyakazi mwisho wa mwezi. Askari wake ni vibarua: wanavaa sare za bei nafuu, wanapanga foleni ya chakula, na chakula chenyewe ni matapishi ya mwenzao yanayogawiwa kwenye bakuli. Frank, aliyejipenyeza kati yao akiwa amevaa shati la mmoja wa waliouawa, analazimika kunywa zamu yake. Ni tukio la kuchefua, na watu wengi hukumbuka filamu hii kwa hilo peke yake. Mimi naliona kuwa picha ya kweli ya kazi katika biashara ya aina hiyo: tajiri anauza kitoweo kwa sayari nyingine, na mbeba maboksi wake anakula makombo ya tumbo la mwenzake.

Sasa twendeni mahali penyewe, maana hapa ndipo utajiri wa jambo ulipo.

Jackson alizaliwa mwaka 1961 na kukulia Pukerua Bay, kitongoji cha pwani kaskazini ya Wellington. Sehemu kubwa ya Bad Taste ilipigwa huko na jirani yake, katika eneo la mji wa Porirua. Nyumba ya Lord Crumb ni nyumba halisi. Inaitwa Gear Homestead, iko Porirua, na ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya James Gear, Mwingereza aliyehamia New Zealand akaanza kwa kuuza nyama buchani na akaishia kuwa mwanzilishi wa Gear Meat Company, kampuni ya kusindika na kugandisha nyama yenye kiwanda chake Petone, upande wa pili wa Wellington.

Fikirieni tarehe hizo. Mwezi Februari 1882 meli iitwayo Dunedin iliondoka bandari ya Port Chalmers, kusini mwa New Zealand, ikiwa na takriban mizoga 5,000 ya kondoo iliyogandishwa kwa mashine, na mwezi Mei ikaifikisha London ikiwa salama. Safari hiyo ilibadili nchi nzima. Kabla yake kondoo wa New Zealand alikuwa na thamani ya manyoya yake. Baada yake akawa chakula cha mezani kwa mfanyakazi wa Uingereza. Misitu ikafyekwa, ardhi ikageuzwa malisho, viwanda vya kuchinja vikasimama kando ya kila bandari. Kwa karibu karne moja koloni hilo, kisha taifa hilo, liliishi kwa kupeleka nyama, siagi na sufu upande mwingine wa dunia. Mwaka 1973 Uingereza ikajiunga na soko la pamoja la Ulaya, na mteja yule mkuu akaanza kugeuza uso. Mwaka 1982 New Zealand ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 70 na watu milioni 3 na kidogo. Kiwanda cha Gear pale Petone kilikuwa kimefungwa mwanzoni mwa muongo huohuo.

Na kuna jambo la pili. Mwaka 1976 mgahawa wa kwanza wa McDonald's nchini New Zealand ulifunguliwa. Haukufunguliwa Auckland, jiji kubwa kuliko yote, wala katikati ya Wellington. Ulifunguliwa Porirua. Jackson alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, akiishi jirani.

Basi mtazameni Lord Crumb tena. Mfanyabiashara wa vyakula vya haraka kutoka mbali anashuka Porirua, anakaa katika nyumba ya tajiri wa nyama aliyegandisha mizoga kwa ajili ya soko la ng'ambo, na anawafunga wenyeji katika maboksi kwa ajili ya soko la ng'ambo zaidi. Sidai kwamba Jackson aliketi akapanga hayo yote kwa kalamu. Inawezekana kabisa alichagua nyumba ile kwa sababu ilikuwa kubwa na ilipatikana. Lakini msanii anayefanya kazi na vilivyo karibu naye hupewa maana na vitu hivyo, apende asipende, na hili ndilo fundisho kubwa la filamu za gharama ndogo. Mwenye fedha nyingi angejenga chombo cha angani studioni. Jackson hakuwa na fedha hizo, kwa hiyo chombo chake cha angani kikawa nyumba ya mchinjaji. Mwishoni mwa filamu nyumba hiyo, pamoja na mapaa yake na baraza lake, inang'oka kwenye kilima na kuruka angani. Binafsi sijaona katika filamu za uvamizi picha iliyosema ukweli mwingi hivyo kwa sanamu ndogo ya nyumba.

Hata kondoo wamo. Vijana wanaporusha kombora kuilenga nyumba ya maadui, kombora linaingia dirisha moja, linatokea dirisha jingine, na kumlipua kondoo aliyekuwa akila majani yake bondeni. Mtazamaji wa New Zealand ana sababu ya kucheka hapo kuliko wengine wote: katika vita vya nyama, majeruhi asiye na hatia ni yuleyule aliyelilisha taifa kwa miaka mia.

Niseme sasa kuhusu utengenezaji, na hapa nanyi vijana mnaosomea filamu nawaomba mfungue madaftari.

Kazi ilianza kama filamu fupi iitwayo Roast of the Day. Kisa chake kilikuwa chepesi: mkusanya michango anafika kijijini na kukuta wenyeji wanaokula watu. Hapakuwa na viumbe wa angani. Kamera ilikuwa Bolex ya milimita 16 aliyoinunua Jackson, kamera inayotiwa nguvu kwa kukaza springi kwa mkono, na kila ukiikaza inazunguka kwa nusu dakika hivi kisha inasimama. Kwa hiyo hakuna tukio refu lisilokatwa katika filamu hii. Kila shoti ilipaswa kuwa fupi. Ule mwendo wake wa haraka, wa kukatakata, ambao wahakiki waliusifu kuwa mtindo, mwanzo wake ni springi ya kamera. Sauti pia haikurekodiwa wakati wa kupiga picha. Maneno yote yaliingizwa baadaye, na Lord Crumb aliyechezwa na Doug Wren amepewa sauti ya mtu mwingine kabisa, mwigizaji Peter Vere-Jones.

Vifaa vilitengenezwa nyumbani. Bunduki zilikuwa mabomba ya aluminiamu na mbao, na mwigizaji ndiye aliyeitikisa mikono yake ili ionekane risasi zinatoka. Kreni ya kamera aliiunda mwenyewe. Kifaa cha kutuliza kamera, ambacho kampuni kubwa zilikikodisha kwa bei ya kutisha, alikiunda kwa gharama isiyozidi ya chakula cha watu wachache. Barakoa za mpira za wale viumbe ziliokwa katika oveni ya mama yake, na vichwa vyao vilivyolala kisogoni vikapata umbo hilo kwa sababu ilibidi viingie katika oveni ile. Mama huyo, Joan, na baba yake Bill, wahamiaji kutoka Uingereza, wamo katika historia ya sinema kwa haki, kwa kuwa nyumba yao iligeuzwa kiwanda kwa miaka minne na hawakumfukuza mtoto wao.

Miaka minne hiyo ndiyo iliyoleta viumbe wa angani. Craig Smith, aliyecheza Giles, alioa katikati ya kazi, akashika dini kwa bidii na kuiacha filamu. Mwongozaji asiye na mkataba na mtu hawezi kumshitaki rafiki yake. Jackson akakigeuza kisa: wala watu wakawa wavamizi kutoka sayari nyingine, na ikaletwa ile timu ya vijana wa idara ya siri ili ibebe hadithi. Baadaye ndoa ya Smith ikavunjika, akarudi, na kisa kikageuzwa tena ili ipatikane nafasi yake, safari hii ndani ya pipa la viungo. Katika studio kubwa muda ni adui, kwa kuwa kila siku inalipiwa. Kwa Jackson muda ulikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi, naye akakiacha kiandike hadithi. Ipo sehemu ambapo Derek, anayechezwa na Jackson mwenyewe akiwa amenyoa ndevu, anapigana ukingoni mwa jabali na kiumbe aitwaye Robert, anayechezwa pia na Jackson akiwa na ndevu. Mtu mmoja anajipiga mwenyewe, na kati ya ngumi na shavu imepita miezi.

Derek huyu ndiye moyo wa ucheshi wote. Anaanguka kutoka jabalini, kisogo kinapasuka, ubongo unaanza kuvuja, naye anaufunga kwa mkanda wa suruali na kuendelea na kazi kana kwamba amefunga kilemba. Kila mkanda unapolegea anapoteza fahamu zake kidogo, na kila anapoukaza anarudi kuwa shujaa. Mashujaa wa filamu za Marekani za miaka ya 1980 walikuwa na misuli. Huyu ana shali na fuvu lililopasuka. Anashinda kwa ukaidi na kwa msumeno wa injini.

Sitaki hata hivyo kuondoka hapa nikiwa nimewafundisha kuuabudu umaskini. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu hadithi ya Bad Taste husimuliwa vibaya mara nyingi, kana kwamba ni ushahidi kwamba msanii hahitaji chochote ila moyo. Si kweli. Filamu isingekamilika bila fedha za umma. New Zealand ilianzisha Tume ya Filamu kwa sheria mwaka 1978. Jackson aliiendea, na mwanzoni hakukubaliwa. Aliyemwamini ni Jim Booth, mkurugenzi wa tume hiyo, ofisa wa serikali aliyeona vipande vya mkanda wenye damu na matapishi na kutambua kwamba nyuma yake kuna mwongozaji. Kwa msaada wa tume Jackson aliweza kuacha kazi gazetini, na mwishoni tume ilitoa zaidi ya dola laki mbili za New Zealand kugharimia uhariri, sauti, muziki na nakala ya kuonyeshwa. Fedha hizo zilizidi mara nyingi zile alizotoa mfukoni. Kisha filamu ikapelekwa soko la filamu la Cannes, Ufaransa, ikauzwa katika nchi kadhaa. Booth baadaye aliacha ukurugenzi na kuwa mtayarishaji wa Jackson hadi alipofariki mwaka 1994.

Faida ya fedha hizo haikuishia kwa mtu mmoja. Jamie Selkirk, aliyeihariri Bad Taste pamoja na Jackson, ndiye aliyepata tuzo ya Oscar ya uhariri kwa The Return of the King, filamu ya Jackson iliyozoa tuzo 11 mwaka 2004. Selkirk, Jackson na fundi wa sanamu na barakoa Richard Taylor walikuja kuijenga Weta, karakana na studio zilizoufanya mtaa wa Miramar wa Wellington kuwa mahali ambapo filamu kubwa za dunia zinakwenda kutengenezwa. Hesabu ya dola laki mbili ifanyeni wenyewe.

Filamu hii ina makosa, na nayasema bila kuyapunguza. Kifupi cha jina la ile idara ya siri kinafanana na jina la Kiingereza la UKIMWI, na vijana wanalifanyia mzaha. Katika nchi zetu, ambako ugonjwa huo umezika walimu, wauguzi na wazazi wa watoto wengi, mzaha huo hauchekeshi, na haukuwa na ulazima wowote katika hadithi. Kosa la pili ni zito zaidi. Porirua ni ardhi ya Ngāti Toa, kabila la Wamaori, wenyeji wa New Zealand. Mwaka 1846, miaka sita tu baada ya Mkataba wa Waitangi kati ya Uingereza na machifu wa Kimaori, chifu wao mkuu Te Rauparaha alikamatwa usiku katika eneo hilohilo kwa amri ya Gavana George Grey na kuzuiliwa melini bila kufikishwa mahakamani. Huo ulikuwa uvamizi halisi wa pwani ile. Katika filamu kijiji kina jina la Kimaori, lakini Wamaori hawamo, si miongoni mwa waliochinjwa wala miongoni mwa waokoaji. Wells, Mwingereza, akiandika mbali huko Uingereza, aliwakumbuka Watasmania. Vijana wa Porirua, wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe, waliona biashara ya nyama na hawakuona biashara ya ardhi iliyoitangulia.

Kuna upande wa Afrika katika ukoo huu. Mwaka 2009 Jackson, sasa akiwa tajiri, alitayarisha District 9, iliyoongozwa na Neill Blomkamp wa Afrika Kusini na kupigwa katika vibanda vya Chiawelo, Soweto. Humo viumbe wa angani ndio wakimbizi, na binadamu ndio wanaowahamisha kwa nguvu, kama walivyohamishwa watu wa District Six mjini Cape Town baada ya eneo lao kutangazwa la weupe mwaka 1966. Swali la Wells lilirudi mezani. Lakini filamu hiyo nayo iliwachora Wanaijeria kama majambazi wala nyama za viumbe hao, na Waziri wa Habari wa Nigeria, Dora Akunyili, akataka kumbi za nchi yake zisiionyeshe. Alikuwa na haki ya kukasirika. Aliyejifunza kuona uvamizi kama biashara ya nyama hakupaswa kuwageuza Waafrika kuwa walaji wa nyama hiyo.

Karibu zaidi na sisi kuna Wakaliga, mtaa wa Kampala, ambako Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, aliyewahi kufyatua matofali ili aishi, ametengeneza filamu za mapigano kwa kompyuta alizoziunda kwa vipuri. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitangazwa kugharimu chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zake ni vyuma chakavu na mbao, helikopta zake zimechorwa kwenye kompyuta, na juu ya picha yupo msimulizi, VJ Emmie, anayewatania waigizaji na kuwashangilia, kama walivyofanya wafasiri wa filamu katika vibanda umiza vyetu vya Dar es Salaam. Sitamlinganisha Nabwana na Jackson kwa kipaji. Nawalinganisha kwa kazi: wote wawili walitumia mtaa wao kama studio, jamaa zao kama waigizaji, na ucheshi kama njia ya kumfanya mtazamaji asamehe kamba inayoonekana. Tofauti yao iko mahali pamoja. Jackson alipofika nusu ya njia, ilikuwapo ofisi ya umma yenye fungu la fedha na ofisa aliyekubali kukaa chini kutazama. Nabwana alipofika nusu ya njia aliokolewa na watazamaji wa mtandaoni waliokuwa mabara mengine.

Kwa hiyo ombi langu la leo nalielekeza kwa makundi mawili. Kwanza kwenu vijana. Msisubiri kamera kubwa ili mtengeneze hadithi ya uvamizi. Mnaishi katika miji yenye maghala ya wakoloni, viwanda vya mkonge vilivyofungwa, reli zilizojengwa kubeba mali kwenda pwani. Yatazameni majengo hayo muulize nani alikuja, alitaka nini, na alikifungia katika boksi la namna gani. Chekeni mkipenda, kwa sababu kicheko kinapenya mahali ambapo hotuba haifiki. Lakini msiwasahau wenye ardhi, kama walivyosahauliwa Porirua.

Pili, kwenu mnaoshika mafungu ya utamaduni katika wizara, bodi na mifuko ya sanaa. Akija kijana na dakika ishirini za filamu ambayo haijakamilika, yenye damu ya rangi na kiumbe aliyeokwa jikoni kwa mama yake, msimuulize kwanza juu ya maadili ya taifa wala barua ya mdhamini. Zimeni taa, mtazame dakika hizo zote hadi mwisho, kisha mkiona kuna mwongozaji ndani yake, mpeni fedha za kumalizia.